Binti Karudi, Ndoo Zimekuwa Nne

Mimi ni mtu mzima. Nina cheti cha ndoa, nina kiti changu kwenye vikao vya mtaa, na nikikohoa hapa Tabata vijana wa bodaboda wanapunguza redio. Leo asubuhi nimenyang'anywa ganda la ndizi mkononi, ndani ya nyumba niliyoijenga tofali kwa tofali, nikaambiwa, "Baba, hilo ni la ndoo ya kahawia."

Muhula mmoja tu, jamani! Tulimtoa binti akasome Ujerumani, akarudi afisa afya. Huko Leipzig kila taka ina kwao: njano ni plastiki na makopo, bluu karatasi, kahawia maganda, nyeusi ni ya yatima, yaani kile ambacho ndoo zote zimekikataa. Chupa za kioo zina makontena yao mtaani, na huko nako wanazitenga kwa rangi. Halafu Jumapili hutupi chupa, maana zinagongana na majirani wamepumzika. Nikamuuliza, sasa mama, hii baa ya nyuma yetu tuitupe kwenye ndoo gani? Hakujibu.

Kwa hiyo uani tuna ndoo nne. Nyeusi aliiacha fundi rangi. Njano ni dumu la mafuta ya kula lililokatwa kichwa. Kahawia zamani ilikuwa nyeupe. Bluu ni beseni la mama yake la kufulia, na mama yake hajasema kitu. Ukimya ule naujua, huwa nauona baadaye kwenye mboga.

Saa mbili kirikuu cha taka kikapita. Mnajua wenyewe: wiki mbili hukioni, siku kikija hakisubiri mtu avae shati. Kijana akaingia uani, akaziangalia ndoo, akaniangalia mimi.

"Shikamoo mzee. Mnafungua duka?"

Sikujibu, nikamwachia msomi. Binti akamweleza, rangi moja baada ya nyingine, kwa mikono. Kijana wa watu akasikiliza kwa adabu, glavu kavua kabisa.

"Sawa dada. Na ile chai ya kamba?"

"Majani kahawia, karatasi bluu, uzi nyeusi."

"Ule uzi?"

"Ndiyo."

"Pampasi?"

"Nyeusi."

"Mfupa wa kuku?"

"Kahawia."

"Dada, hapa kwenu mfupa wa kuku nimeuona lini?"

Nikakohoa. Hakupunguza kitu. Akavaa glavu zake, akabeba dumu la njano, akalimwaga garini. Akabeba la bluu, akamwaga juu yake. Kahawia juu ya bluu. Nyeusi juu ya vyote, kisha akapanda akakanyaga kwa buti.

"Kaka! Si nimekueleza?"

"Umenieleza vizuri dada, na nimekuelewa. Ila dampo la Pugu Kinyamwezi tunamwaga sehemu moja." Akanigeukia. "Mzee wangu, tuelewane. Hapa nyie mnalipia ndoo moja."

Nikamwambia taka ni zile zile za siku zote!

"Taka ni zile zile mzee, ila nimeinama mara nne."

Hoja hiyo nimeizungusha kichwani tangu asubuhi, sijapata pa kuishika. Wakati naitafuta, mama watoto akafungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu ndoo zije: "Beseni langu liko wapi?" Beseni lilikuwa juu ya kirikuu, na kirikuu kilikuwa kinakata kona. Binti akakifukuza na soksi zake ndani ya kandambili, mtindo mwingine huo aliotuletea, mpaka bodaboda mmoja akamhurumia kwa buku. Beseni limerudi. Lina harufu ambayo siwezi kuiandika.

Nimelipa. Nimelipa kwa sababu ukibishana naye, wiki ijayo analiruka geti lako, mvua zikianza maganda yako yote yako mtaroni, na mtaro unakurudishia sebuleni. Tunalipa kila mwezi! Tunalipa na mwezi ambao hawaji, halafu usiku tunachoma wenyewe kwa kujificha mwenyekiti asione, na moshi wa kwake umetutangulia. Binti ananiuliza, "Kwa nini hamlalamiki?" Kwa nani, mama? Nitajie jina, nivae viatu sasa hivi.

Kwa Mangi mwenye duka nako katuaibisha. Kule Ujerumani ukirudisha chupa tupu ya plastiki, mashine dukani inakupa senti 25 za euro. Kabeba kiroba kizima cha chupa za maji, Mangi akamwambia kwanza nirudishe ya soda niliyoondoka nayo sikukuu ya Idi.

Desemba alinipigia akilalamika kwamba saa kumi jioni ni giza. Nikadhani umeme wa Ujerumani umekatika, nikafarijika kidogo. Kumbe ni jua.

Shule? Alisoma, krediti 30 kamili. Karani wa chuo chake hapa anasema hazioani na zao, aje wiki ijayo. Wiki ijayo hiyo ina miezi sasa.

Wazungu walianza kupelekana vyuoni kwa mpango wa Erasmus, huo uliompeleka binti, mwaka 1987, Afrika tukafunguliwa mlango wa kwenda kwa muhula 2015, na shemeji yangu kausikia juzi. Anataka mwanawe aende. Nikamwambia bila ufadhili Wajerumani wanataka uwafungie euro 11,904 za mwaka kwenye akaunti, mtoto achomoe 992 kwa mwezi, ndicho kiwango cha 2024. Akasema nimpe stetimenti yangu ya benki aambatanishe. Ya kwangu! Ile ikifika ubalozini watanipa ufadhili mimi.

Huyu shemeji kwenye kikao cha kumuaga binti alichangia elfu kumi, na kashakula chokoleti zake. Kasema atapita jioni. Nimemwagiza binti aseme baba yuko msibani Kibaha, kakataa, eti kule mgeni hadanganywi, anapangiwa miadi. Haya, mpangie. Na aje na majibu kwa maandishi: ile elfu kumi ilikuwa mchango au mkopo?