Pedali za kroskantri: angalia tope kabla ya gramu

Mtu anayeanza mbio za baiskeli za milimani akiniuliza anunue pedali gani za kunasa kiatu, swali linalofuata huwa ni uzito. Kwangu uzito ni swali la mwisho. La kwanza ni hili: mvua imenyesha, umeshuka ukabeba baiskeli begani kuvuka korongo, soli imejaa udongo, je, ukikanyaga pedali, kiatu kitanasa? Na ukiyumba juu ya mawe, kitaachia upesi?

Hizo gramu tuzimalize mapema, maana ndizo zinazowala watu pesa. Shimano M520, pedali ya bei nafuu, ina takriban gramu 380 kwa jozi. XTR M9100, ile ya washindani wakubwa, ina takriban 310. Tofauti ni gramu 70, na chupa ya maji iliyojaa inazipita mara nyingi. Kliti, kile kipande cha chuma kinachofungwa chini ya kiatu, ni ileile kwa zote mbili, na namna ya kunasa na kuachia ni ileile. XTR ni kazi nzuri, sibishi. Lakini ukichukua M520, pesa inayobaki itakusaidia kupata viatu vyenye soli ngumu, na ugumu wa soli utausikia kila unapokanyaga.

Kampuni ya Shimano ilileta mfumo huu wa kunasa kiatu, uitwao SPD, mwaka 1990, na jambo lililowafaa watu wa milimani ni dogo tu: kliti yake ina skrubu mbili na imezama ndani ya soli, kwa hiyo unaweza kushuka ukakimbia. Viatu vya barabarani vyenye kliti kubwa ya skrubu tatu havifai hapa. Ukipanda mlima wa matope navyo utateleza hatua ya kwanza.

Sasa tope lenyewe. Njia za msitu wa Karura, Nairobi, zikiwa kavu, pedali yoyote inafanya kazi. Masika yakifika, ule udongo mwekundu hujibana kati ya kliti na soli ukawa kama tofali, na udongo mweusi wa kule Kitengela ni mbaya zaidi kwa sababu huganda juu ya kila kitu. Hapo ndipo Eggbeater, pedali ya kampuni ya Crankbrothers, inapoonyesha uwezo wake. Haina mwili wa kushika tope. Ni vyuma vilivyopishana tu, pande nne, na udongo unasukumwa nje kliti inapoingia. Kwa anayeshindana hasa msimu wa mvua, sina neno dhidi yake. Ila ujue unachokubali: kliti zake ni za shaba nyeupe iliyo laini, hulika mapema kuliko chuma cha Shimano, na springi inayoshika kliti huwezi kuilegeza wala kuikaza. Unachoweza ni kubadilishana kliti za kulia na kushoto, na pembe ya kuachia, yaani kiasi unachozungusha kisigino nje ili kiatu kitoke, itatoka digrii 15 hadi 20 au kinyume chake.

Kwa wengi wetu bado nachagua Shimano, na sababu ni ile skrubu ndogo ya springi. Kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 3 unailegeza hadi mwisho unapoanza, kisha unakaza kidogo kidogo jinsi unavyozoea. Hesabu milio ya skrubu ili pande zote nne, mbili kwa kila pedali, zilingane. Upande mmoja ukiwa mgumu kuliko mwingine, siku ya kuanguka utakuwa umenasa kwenye huo.

Wapo wanaowashauri wanaoanza wafunge kliti ya SH56, inayoachia hata kisigino kikinyanyuka. Sikubaliani nao. Ukivuta kwa nguvu kwenye mlima mkali, inaweza kuachia wakati hukutaka. Funga SH51 inayokuja ndani ya boksi, legeza springi, shika ukuta, uzungushe kisigino nje mpaka mguu ufanye bila kuulizwa. Mwili ukijifunza mwendo mmoja, huo ndio utakaoukumbuka ukiwa na hofu.

Pedali zenye fremu pana kuzunguka mtambo wa kunasa ziache kwa wanaoshuka milima mikali. Soli ngumu haizihitaji.

Unapofunga kliti, isukume nyuma kidogo ya mfupa wa kidole gumba, na uielekeze kulingana na mguu wako unavyoning'inia wenyewe ukikaa juu ya meza. Goti likianza kuuma upande, rudi kwenye pembe hiyo kabla ya kulaumu pedali. Na siku mguu ukianza kuchomoka wenyewe mlimani, usikimbilie kukaza springi. Pindua kiatu, kwangua tope, utazame ncha ya mbele ya kliti. Ikiwa imelika ikawa duara, badilisha zote mbili kwa pamoja.