Tusiwasukumie vijana lawama zote

Mwandishi wa makala kuhusu leza, vile vitochi vya mwale mkali wa mwanga, amewalaumu vijana peke yao kwa zile ripoti zaidi ya 13,000 za marubani kumulikwa kwa leza nchini Marekani mwaka 2023. Na sisi wapenda nyota je? Tunawaonyesha watoto sayari kwa leza ya kijani, kisha tunajirekodi tukipasua maputo kwa leza kali, macho wazi, miwani ya kinga hakuna. Mtoto aige kipi hapo? Halafu ile lebo ya miliwati 5 (kipimo cha nguvu ya mwanga) iliyobandikwa kwenye leza msiiamini sana: leza nyingi za bei chee huzidi kiwango hicho, na za kijani zisizo na kichujio huvujisha mionzi ya infraredi, ambayo jicho haliioni, hivyo wala halijifumbi. Kwenye kikundi chetu leza hushikwa na mtu mzima mmoja tu, na ndege ikisikika inazimwa.