Si dereva peke yake anayedaiwa
Mwandishi wa makala kuhusu ajali ya gari ya Kisesa, Mwanza, anasema majeruhi wasubiri kesi ya trafiki iishe, ndipo wamdai fidia dereva atakayetiwa hatiani, basi. Siafiki hata kidogo. Kesi ya trafiki ni ya jinai. Faini inaingia serikalini, haimnunulii majeruhi hata magongo ya kutembelea. Mdogo wangu alivunjika paja barabara hiyohiyo ya Mwanza–Musoma, karibu na Igoma. Hiace aliyopanda iliingia chini ya lori la mchanga lililoharibika, limeachwa nusu barabarani usiku bila taa wala pembetatu. Kilichowekwa nyuma yake ni tawi la mti, na majani yalikuwa yameshanyauka! Aliyeshitakiwa ni dereva wa hiace tu, kijana asiye na hata baiskeli. Tungekomea kwake tungeambulia patupu. Wakili akatuelekeza tuwadai wote: dereva, mwenye hiace kwa sababu kosa la dereva aliye kazini humfuata mwajiri, na mwenye lori kwa uzembe wa kuliacha vile. Bima ya mtu wa tatu, ile inayomlipa mtu aliyeumizwa na gari, ni lazima kisheria, kwa hiyo kulikuwa na bima mbili za kufuatilia. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ilionesha majeraha, lakini mchoro wa eneo la ajali uliochorwa na trafiki ndio uliotubeba, maana ulionesha lori lilivyokaa. Na msisubiri: madai ya namna hii yana ukomo wa miaka 3.