Kilomita 13.4

Wakuu, najua wengi wenu mshaisikia ile ya usiku nilipowafukulisha watu kebo. Kuna jamaa yangu, ambaye kuanzia wiki hii namwita jamaa tu na si rafiki, ameshaimwaga kwenye magrupu yote, na katika toleo lake eti nilileta katapila. Hakukuwa na katapila. Yalikuwa majembe na sururu, basi. Kwa hiyo nipeni nafasi nisimulie mwenyewe kabla hilo katapila halijazaa.

Kazi yenyewe mnaijua: ile njia ya data ya masafa marefu tuliyokuwa tunaipandisha kutoka giga 2.5 kwa sekunde kwenda giga 10. Faiba zilezile (nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga), vituo vilevile, vifaa vipya. Na mpangaji ni mimi. Si mbeba ngazi, si mshika tochi. Mpangaji. Jedwali la mtawanyiko ni langu, rangi zake nimechagua mimi, na kwenye simu za pamoja nina sauti maalumu ya kusema "kwa mujibu wa mpango".

Kwa wasio wa huku, kwa kifupi. Mwanga wa leza hauna rangi moja tupu. Una rangi nyingi zinazokaribiana mno, na ndani ya kioo kila moja ina mwendo wake. Wanafunzi wa shule nzima wakikimbizwa darasa baada ya darasa, wanaanza kila darasa limeshikana, lakini mbio zikirefuka utakuta vinara wa darasa la tano wamewafikia wazembe wa darasa la nne, na mwalimu aliye mwisho hajui tena nani wa wapi. Huko kuchanganyika ndiko tunakoita mtawanyiko. Huyo mwalimu ndiye kipokezi chetu, na kazi yake ni kusema hii ni moja, hii ni sifuri.

Faiba ya kawaida, ile G.652, kwenye mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 1550 hutawanya kama pikosekunde 17 (pikosekunde ni sehemu ya trilioni ya sekunde) kwa kila nanomita kwa kila kilomita. Zidisha kwa kilomita 80 upate 1360. Kwa giga 10, biti moja ina pikosekunde 100 tu za kuishi, na kipokezi cha kawaida huanza kulia mtawanyiko ukivuka elfu moja na kitu. Tena kuna ukatili mmoja hapa: ukiongeza kasi mara nne, uvumilivu haupungui mara nne, unapungua mara 16, kwa sababu pigo la mwanga limekuwa fupi mara nne na rangi zake zimesambaa mara nne. Ndiyo maana ile njia ilibeba giga 2.5 miaka yote hakuna aliyetamka neno mtawanyiko.

Dawa yake ni DCM, kifaa cha kufidia mtawanyiko. Kisanduku chembamba cha kuingia kwenye raki, ndani yake faiba ya namna nyingine inayotawanya kinyume, karibu pikosekunde 100 za upande wa hasi kwa kila kilomita. Kwa hiyo ili kufuta kilomita 80 za nje unahitaji kilomita kumi na tatu na ushee, zimeviringwa humo ndani. Shika hapo. Kilomita kumi na tatu na ushee. Niliyaeleza haya kwa vijana wa mafunzo mchana wa siku ileile, ubaoni, kwa kalamu za rangi mbili, nikamalizia kwa kuwaambia kwamba mtu asiyejua kilichomo ndani ya kisanduku hana haki ya kukigusa.

Nyie wa fani naona mshaanza kucheka. Subirini.

Usiku, saa sita, trafiki ikahamishiwa njia nyingine, tukaanza. Mimi na dogo wa mafunzo kituo cha huku, dada mmoja mkali kuliko alamu zake kituo cha mbali, na kwenye simu ya pamoja mabosi ambao kwa kawaida saa hizo hata mke hawaamshi. Hadi saa saba na nusu kila kitu kimewashwa. Nguvu ya mwanga kila kituo iko vizuri, desibeli zimekaa palepale jedwali lilipotaka. Na makosa yanamiminika. Si makosa machache ya kurekebishwa na kurekebishika; ni mvurugo mtupu.

Mtu anayepanga mtawanyiko akiona mwanga mzuri na data mbovu, jambo la kwanza la kushuku ni nini? Mtawanyiko. Mtoto wa ubaoni mchana ule angejibu. Mimi nikasema, "Hii ni kebo."

Sababu ni kwamba ingekuwa mtawanyiko, ingekuwa mimi.

Bosi akauliza una uhakika, nikasema ngoja nipime. Nikachukua OTDR, kile kifaa kinachopiga mwanga kwenye faiba na kusikiliza unavyorudi, kisha kinakuchorea faiba nzima: urefu, maungio, mahali ilipokatika. Nikaenda kwenye amplifaya, kile kikuza mwanga.

Sasa mbele ya ile amplifaya kuna matundu manne. DCM hula mwanga, desibeli sita na zaidi, kwa hiyo haiwekwi mwanzoni wala mwishoni. Huwekwa katikati ya hatua mbili za ukuzaji. Mwanga unaingia, unakuzwa, unatoka nje kwenda kwenye kisanduku, unarudi, unakuzwa tena, unaondoka. Matundu mawili ya njia, mawili ya kisanduku. Pachikodi, zile kamba fupi za faiba za kuunganishia, zote za njano. Taa ya chumba ilikuwa nyuma yangu, kivuli changu mwenyewe kikiwa kimetanda juu ya raki. Nikavuta moja ya njano.

Sekunde hiyohiyo dada wa kituo cha mbali akapiga kelele, "Mwanga umekufa! Mwanga wote umekufa huku!"

Mtu wa kawaida angesema, samahani, ni mimi nimechomoa. Mimi, wakuu, sijui ni shetani gani, nilisema kwa sauti ile ya mpango, "Mmeona? Imekatika."

Nikachomeka OTDR kwenye ile pachikodi. Mstari ukajichora. Ukateremka taratibu, umenyooka, safi, halafu mahali pamoja ukadondoka hadi chini. Kilomita 13.4. Nikaisoma kwa sauti, na desimali yake. Kwenye simu kukawa na ule ukimya wa watu wanaoandika.

Dogo akasogea nyuma yangu, akatazama kioo cha kifaa. Akauliza, "Kaka, samahani. Mbona haina maungio?"

Swali zuri mno. Kebo huja kwa magurudumu ya kilomita chache chache. Kufika kilomita 13 lazima uwe umepita maungio matatu manne, na kila moja huacha kijingazi kwenye mchoro. Huu haukuwa na hata kimoja. Nikamjibu, "Hawa waliounganisha walikuwa mafundi."

Akanyamaza kidogo. "Na mteremko wake, kaka. Ni kama nusu desibeli kwa kilomita. Si ulisema faiba ya nje ni sifuri nukta mbili?"

Nikamwambia kebo imezeeka.

Tafadhali pimeni mnavyocheka, nina wazazi humu.

Basi nikampigia mzee wa kikosi cha nje. Huyu ni mtu mzima, amelaza kebo tangu mimi nikiwa sijui kusoma, na alikuwa amelala. "Shikamoo mzee, kebo imekatika kilomita 13.4, na kwenye ramani naona pana shimo la maungio jirani kabisa." Akasema marahaba mwanangu, tunakwenda. Hakuuliza neno. Heshima ya namna hiyo ndiyo inayouma hadi leo.

Saa nane na dakika kadhaa wakafika. Wakafungua shimo la maungio: kavu, kasha zima, hata mdudu hamna. Nikawaambia chimbeni mbele kidogo. Wakachimba. Picha zikaanza kuingia kwenye grupu ambalo mabosi wote wamo: kebo, nzima. Mbele kidogo: kebo, nzima. Nikawaambia warudi nyuma mita kumi, kwa sababu OTDR ina kosa lake dogo la kukadiria urefu. (Ni kweli, ina. Si la kumchosha mzee namna ile.) Kebo, nzima, na pembeni yake mzee mwenyewe anatazama kamera bila kusema kitu.

Halafu likaingia rekodi la sauti. Akatokea bibi mmoja wa nyumba ya jirani, na tochi. Unamsikia vizuri kabisa akiuliza, "Nyie mnafukia nini saa hizi?" Na mzee, kwa upole wake wote: "Hatufukii, mama. Tunatafuta." "Mnatafuta nini?" Kimya. Majembe yamesimama. "Hatujui, mama. Ametutuma mtu wa ofisini."

Mabosi wote walilisikia. Alama mbili za bluu moja baada ya nyingine, nilizitazama zikibadilika.

Wakati huo dogo alikuwa amepiga magoti. Nilidhani anafunga kamba za viatu. Alikuwa ameshika ile pachikodi yangu ya njano, anaifuata kwa vidole viwili, polepole, kutoka kwenye OTDR kushuka, kupita nyuma ya fremu, kushuka tena, sentimita kwa sentimita, na mimi namtazama, na kuna mahali kati ya raki ya tatu na ya pili nilianza kuelewa, tumbo likaelewa kwanza, na bado nikatumaini vidole vyake vitakata kona kuelekea ukutani kwenye kebo ya nje. Havikukata kona. Viliishia kwenye kisanduku chembamba kilichokuwa usawa wa goti langu usiku kucha. Goti lilikuwa limekiegemea.

Juu yake pana kibandiko. Mwandiko wangu. "DCM 80. −1360. Usiguse bila kuniuliza."

Dogo hakucheka. Ningemsamehe kama angecheka. Alisoma kile kibandiko kwa sauti ya kawaida, huku simu ya pamoja ikiwa wazi, na dada wa kituo cha mbali akauliza, "Kwa hiyo kebo iliyokatika iko ndani ya sanduku?" Nikasema haijakatika. "Iko na urefu gani?" Nikasema kilomita kumi na tatu na ushee. "Nukta nne?" Nikasema labda. Hapo ndipo jamaa yangu, ambaye alikuwa amejiunga na simu bila hata kuwa na kazi usiku ule, alipoanza kukohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha kifua.

Yaliyobaki ni mepesi. Nikarudisha pachikodi, mwanga ukarudi, makosa yakarudi nayo. Nikampigia mzee kumwomba afukie, nikamwomba radhi kwa maneno ambayo hayakutosha, na yeye ndiye aliyetatua tatizo. Akaniambia, "Lakini mwanangu, hiyo kebo tuliyofukua si ile ya kawaida. Hii na ya sehemu inayofuata tuliibadilisha zamani. Imeandikwa mgongoni G.655." Zoom kwenye picha zake: imeandikwa, herufi kubwa, katika kila picha. Jedwali langu maridadi lilikuwa linazidisha kwa 17 kila mahali, na G.655 hutawanya kama 4 tu pale kwenye 1550. Kilomita 80 zilihitaji kufidiwa 320 hivi, mimi nimezipiga 1360, sehemu mbili mfululizo, nikapeleka mawimbi upande wa pili wa sifuri kwa zaidi ya elfu mbili. Mapigo yalivurugika vilevile, ila kwa kwenda kinyume. Tukatoa visanduku viwili vikubwa, tukaweka vidogo vya akiba, makosa yakakata, saa kumi kasoro trafiki ikarudi. Ripoti nimeandika. Katika ripoti kuna sentensi "kikosi cha nje kilifanya uhakiki wa aina ya kebo kwa kuifukua", na bosi ameipigia mstari kwa wino mwekundu bila maelezo.

Sasa habari mpya, kabla jamaa hajaiwahi. Njia hiyohiyo inapelekwa giga 100, ile teknolojia ya vipokezi vinavyokokotoa mtawanyiko vyenyewe kwa hesabu, makumi ya maelfu ya pikosekunde bila jasho. DCM hazihitajiki tena, na zikibaki zinadhuru mawimbi, kwa hiyo lazima zitolewe zote, kituo kwa kituo. Kazi ya kupanga utoaji nimepewa mimi. Jana nilituma barua pepe kwa wote wanaohusika, na jibu la kwanza limetoka kwa mzee wa kikosi cha nje. Anauliza kama waje na majembe.