Hesabu za Mwisho wa Mwaka: Je, Ushirika wa Kimethodisti Ujipime kwa Idadi?

Mwaka unapokwisha, ushirika wa Kimethodisti hukabiliwa na mambo mawili ambayo si rahisi kuyaweka pamoja. La kwanza ni mkutano wa mwaka, ambapo katibu husoma idadi ya washirika, waliobatizwa, waliopokewa, waliohama na waliofariki, kisha mweka hazina akasoma mapato na matumizi. La pili ni Ibada ya Agano, ambayo kwa desturi huadhimishwa mwanzoni mwa mwaka mpya, ambapo watu walewale husimama na kumwambia Mungu kwamba wao si mali yao wenyewe tena. Mkutanoni wameulizana wamepata nini na wamepoteza nini. Kwenye ibada wanasema kwamba wako tayari kutumiwa au kuwekwa kando, kujazwa au kuachwa watupu, kama apendavyo Bwana.

Wapo Wakristo wenye moyo safi wanaoona kwamba jambo la kwanza linaliharibu la pili, na wangependa taarifa za idadi zipunguzwe hadi ziwe kiambatisho kisichosomwa, ili muda wote utumike kwa sala na ushuhuda. Upande wa pili unashikilia kwamba ushirika usiojihesabu haujijui. Nimezisikiliza hoja za pande zote mbili, na ninaona kwamba upande unaotetea hesabu haujaeleweka, pengine kwa sababu watetezi wake wengi huzungumza kama wahasibu, ilhali chimbuko la desturi hiyo katika Umethodisti halikuwa la kihasibu hata kidogo.

Tuanze na wanaopinga, kwa maana hoja zao si nyepesi. Maandiko yenyewe yanaonya: Daudi alipowahesabu watu wake, kama inavyosimuliwa katika 2 Samweli 24, moyo wake ulimchoma baada ya kazi kwisha, na taifa zima likaingia taabuni. Kosa lake, kama wafasiri wengi walivyolielewa, lilikuwa kutafuta usalama katika wingi wa watu wenye kushika upanga. Ushirika unaofurahia ongezeko la washirika kwa roho hiyo umeanguka katika shimo lilelile.

Kuna pia udhalimu ambao jedwali huufanya bila kukusudia. Tuseme ushirika mdogo, ambao wengi wa washirika wake ni wazee, umezika watu sita katika mwaka na kubatiza mtoto mmoja. Taarifa itasema umepungua. Haitasema kwamba wale sita hawakufa peke yao, kwamba kila mmoja aliketiwa kitandani, akasomewa zaburi, akapelekewa Meza ya Bwana nyumbani hadi siku za mwisho, na kwamba wajane walioachwa hawajakosa mtu wa kuwabishia hodi hata wiki moja. Kazi bora kuliko zote ulizofanya ushirika huo imeandikwa katika safu ya hasara. Ukizingatia kwamba wachungaji wa Kimethodisti huhamishwa kutoka kituo hadi kituo, na kwamba takwimu humtangulia mchungaji anakokwenda, utaelewa kwa nini wengi wao huuona mkutano wa mwaka kama siku ya kupimwa mizani.

Isitoshe, idadi huvuta uongo wa aina mbili. Panapotafutwa heshima, majina ya watu walioacha kuja zamani hubaki daftarini. Na pale ambapo mchango unaotakiwa kutoka kwa kila kanisa hukadiriwa kwa idadi ya washirika, kishawishi hugeuka: viongozi hulipitia daftari kwa kalamu, na wa kwanza kufutwa ni mgonjwa asiyeonekana ibadani na maskini asiyetoa kitu. Sijui aibu kubwa zaidi ya hiyo kwa watu wanaojiita wa John Wesley, mhubiri wa Kiingereza wa karne ya kumi na nane aliyeanzisha Umethodisti.

Wesley mwenyewe angewaunga mkono wanaopinga katika jambo moja. Mwaka 1786, jumuiya zake zikiwa zimekua kupita matazamio ya mtu yeyote, aliandika kwamba hakuogopa Wamethodisti kutoweka. Alichoogopa ni wao kubaki kama kundi lililokufa, lenye umbo la dini lisilo na nguvu zake. Hofu hiyo ilimpata wakati takwimu zilikuwa zinapanda.

Hata hivyo, mtu huyohuyo alihesabu maisha yake yote, na ni hapa ninapotaka tukae.

Madarasa, yaani vile vikundi vidogo vilivyokuwa uti wa mgongo wa Umethodisti wa mwanzo, yalizaliwa kutokana na deni. Februari 1742, jumuiya ya Wamethodisti wa Bristol, mji wa Uingereza, ilikutana kujadili jinsi ya kulipa deni la jengo lao. Mtu mmoja aitwaye Foy, aliyekuwa nahodha, alipendekeza kila mshirika atoe peni moja kwa wiki hadi deni liishe. Mwingine akapinga kwamba wengi ni maskini, hawawezi. Foy akajibu kwamba yeye apewe kumi na mmoja walio maskini kuliko wote. Atawapitia kila wiki, na asiyeweza kutoa, atamtolea yeye. Wengine wakakubali kufanya vivyo hivyo. Hivyo jumuiya ikagawanywa katika vikundi vya watu kumi na wawili hivi, kila kimoja na kiongozi wake.

Lililofuata halikupangwa na mtu. Viongozi walipokwenda nyumba kwa nyumba kukusanya peni, waliona yaliyokuwa nyuma ya milango: huyu haishi kama inavyompasa, yule amerudia ulevi, wengine hawapatani ndani ya nyumba. Walipomweleza Wesley, alitambua mara moja kwamba hilo ndilo alilokuwa akilikosa kwa muda mrefu. Mkusanyaji wa peni akawa mlezi wa roho. Tukitaka kusema kwamba fedha na hesabu ni adui wa uchungaji, itatubidi tueleze jinsi uchungaji wa Kimethodisti ulivyotokana na fedha na hesabu, tena kupitia mtu aliyeichukua orodha ya maskini na kuijibu kutoka mfukoni mwake.

Mfano wa pili unanigusa zaidi. Machi 1743, Wesley alikuwa Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, na baada ya kuwatembelea washirika aliandika katika shajara yake idadi ya walioacha jumuiya tangu tarehe 30 Desemba. Walikuwa 76. Katibu wa leo angeishia hapo. Wesley aliuliza kila mmoja aliondoka kwa nini, akaandika majibu. Kumi na wanne, wengi wao watu wa makanisa yaliyojitenga na Kanisa la Uingereza, waliondoka kwa sababu wahudumu wao wasingewapa sakramenti kama wangebaki. Tisa waliondoka kwa sababu waume au wake zao hawakutaka, kumi na wawili kwa sababu wazazi wao hawakutaka, watano kwa sababu mabwana na mabibi waliowatumikia hawakutaka. Saba walishawishiwa na marafiki, watano walikimbia maneno mabaya yaliyosemwa kuhusu jumuiya, tisa hawakutaka kuchekwa. Watatu waliogopa kupoteza msaada uliotolewa kwa maskini. Watatu hawakuwa na nafasi, wawili walikaa mbali mno. Wawili waliondoka kwa sababu ya mtu mmoja aliyekuwa ndani ya jumuiya. Wachache waliobaki kila mmoja alikuwa na sababu yake, na mmoja wao alisema bado kuna wakati wa kutosha wa kumtumikia Mungu.

Jumlisha waliozuiwa na mwenzi, mzazi au bwana: ni 26, yaani theluthi moja ya wote. Ongeza walioshawishiwa na marafiki, waliotishwa na maneno na walioogopa kuchekwa, na unafika 47 kati ya 76. Zaidi ya nusu ya walioondoka hawakuondoka kwa sababu mahubiri yalikuwa dhaifu au nyimbo zilikuwa za kizamani. Waliondoka kwa sababu gharama ya kubaki nyumbani kwao, kazini kwao na mtaani kwao ilikuwa kubwa, na hawakuwa na mtu wa kuibeba pamoja nao. Kiongozi anayejua hilo hatatumia mwaka unaofuata kurekebisha mimbari. Atatafuta namna ya kumfanya msichana wa kazi asiwe peke yake mbele ya bwana wake. Asiyejua atabaki kusema kwamba watu wamepoa, neno ambalo hutumiwa sana katika taarifa za mwaka na ambalo halimsaidii yeyote.

Ndiyo maana ninasema upande wa hesabu haujaeleweka. Watu husikia tarakimu 76 na kudhani hesabu imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Hesabu ya Wesley ilikuwa hesabu ya majina, kama ile iliyoamriwa katika Hesabu 1, ambapo Waisraeli walihesabiwa kwa jamaa zao, mmoja mmoja kwa jina. Hata tikiti ya darasa, ambayo Wamethodisti wa mwanzo walipewa kila robo mwaka, ilitolewa baada ya mazungumzo kuhusu hali ya nafsi ya mwenye kuipokea. Kuhesabiwa kulimaanisha kuulizwa u hali gani.

Haki inanitaka niseme pia yale mengine yaliyo katika shajara hiyohiyo. Mbali na wale 76, Wesley aliandika kwamba watu 64 walikuwa wamefukuzwa, kumi na saba kati yao kwa ulevi na mmoja kwa kumpiga mkewe, lakini kundi kubwa kuliko yote, watu 29, kwa wepesi, yaani kutoichukulia dini kwa uzito, na uzembe. Hapo wanaopinga hesabu wana haki ya kunyanyua mkono. Daftari linaloweza kumtafuta aliyepotea linaweza pia kuwa ungo, na kosa lisilo na mipaka kama wepesi linaweza kumwangukia yeyote ambaye viongozi hawampendi. Siitetei orodha hiyo. Ninachotetea ni swali lililoulizwa kwa wale 76, na ninakiri kwamba si kila anayeshika daftari ana roho ya kuliuliza.

Basi ushirika unaojitathmini ufanye nini? Kwanza, naona ni kosa kuzificha idadi. Kuzificha huwalinda viongozi kuliko kuwalinda washirika, kwa sababu anayepotea katika ushirika usiohesabu hupotea bila mtu kuwajibika. Lakini idadi isisomwe peke yake. Kila safu ya taarifa iwe na mtu anayeweza kusimama na kuieleza: anayejua waliofariki walizikwaje na familia zao ziko wapi sasa, anayejua waliohama wamepokewa katika kanisa gani, na zaidi ya wote, anayejua walioacha kuja wamesema nini. Safu ya mwisho ndiyo ngumu. Katika madaftari mengi, jina huwekewa mstari na neno moja pembeni, na hakuna anayekumbuka ni nani aliyekwenda kuuliza kabla ya mstari huo kupigwa. Ningeomba kanuni moja tu: jina lisifutwe hadi mtu aliyetumwa na ushirika awe amefika mlangoni, akasikiliza, na akaandika sababu kwa maneno ya mhusika mwenyewe.

Kuhusu mwaka unaokuja, hoja ya wanaopinga ina uzito zaidi, na ninaikubali kwa kiasi kikubwa. Malengo ya kufikia idadi fulani ya washirika yanapingana na Sala ya Agano, kwa kuwa mtu hawezi kuahidi kukubali kuachwa mtupu huku mfukoni ana mpango unaomtaka Mungu amjaze kufikia Desemba. Ongezeko si letu kuliamuru. Lakini ziara ni zetu. Kugawa ushirika katika vikundi vidogo ambavyo kiongozi anaweza kuvipitia ni kwetu. Kuamua kwamba hakuna mgonjwa atakayemaliza mwezi bila kutembelewa, kwamba mchango wa asiyeweza utabebwa na mwenzake kimyakimya kama alivyofanya yule nahodha, kwamba kijana anayepingwa nyumbani atakuwa na nyumba nyingine ya kukimbilia, yote hayo yanaweza kupangwa, kuhesabiwa na kutolewa taarifa bila kumwibia Mungu kitu. Zile Kanuni za Jumla ambazo Wesley aliziandikia jumuiya zake mwaka 1743, mwaka uleule wa orodha ya Newcastle, ziliwataka washirika waache mabaya, watende mema kwa kila namna wawezavyo, na wazishike njia za neema, kama vile sala, Maandiko na Meza ya Bwana. Zote tatu ni matendo ya upande wetu.

Kwa sababu hiyo ningependa mkutano wa mwaka utangulie Ibada ya Agano, na ufanyike karibu nayo kiasi kwamba majina yaliyosomwa yawe bado masikioni. Agosti 1755, Wesley alipowakusanya watu wapatao 1,800 huko Spitalfields, London, kwa ibada ya kulifanya upya agano lao na Mungu, alikuwa amelieleza jambo hilo kwao kwa siku kadhaa kabla, ili wajue wanachoahidi. Ushirika uliotoka kusikia kwamba watu wanne hawarudi kwa sababu ya maneno ya mshirika mmoja, au kwamba familia moja iliacha kuja kwa sababu ilionea haya mavazi yake, nao utakuwa unajua unachoahidi. Na kama sababu iliyoandikwa mlangoni ni sisi wenyewe, isomwe vilevile ilivyosemwa, mbele ya wote, jina la msemaji likihifadhiwa, na iandikwe kuwa shughuli ya kwanza katika mpango wa mwaka, juu ya paa na juu ya vyombo vya muziki.