Kiwanja cha mpira uani: wasichana kwanza, taa baadaye

Kikundi cha WhatsApp cha ukoo wetu, sisi wa Wete, Pemba, kimechafuka tangu binamu yangu aliyeko Maskati atume picha ya kiwanja cha mpira wa kikapu: vigae vya plastiki vya kijani na buluu, taa nne, uzio wa waya. Anataka kama hicho nyuma ya nyumba ya bibi. Wengi wameshangilia. Mimi nasema kiwanja kijengwe, na kijengwe upesi, lakini hicho cha pichani kibaki Maskati.

Sababu ya kukitaka ni watoto wa kike. Wavulana wa Pemba hawana shida ya pahala pa kuchezea. Kila kijiji kina kiwanja chake cha mpira wa miguu, na pasipo na kiwanja pana pwani maji yakipwa. Msichana je? Akiwa mdogo anacheza nage mbele ya nyumba. Akishavunja ungo, mchezo wake unabaki ndani ya ukuta wa skuli, na siku anayomaliza skuli ndiyo siku anayouacha mpira. Anayesema watoto wa kike hawapendi michezo hajawahi kusimama kando ya uwanja wa netiboli siku skuli mbili zinapokutana. Wanachokosa ni pahala pa kukimbia bila ya macho ya barabarani, pahala ambapo mama na shangazi wapo karibu na wakitaka wanaingia kucheza. Hapo ni uani. Na ukuta tunao tayari.

Ukianza na wasichana, mambo mengi yanajipanga yenyewe. Pete ya netiboli na ya mpira wa kikapu zote hukaa juu mita 3.05, ya netiboli ni nyembamba zaidi na haina ubao nyuma yake. Kwa hiyo nguzo moja kila upande, ubao upande mmoja tu, michezo miwili imepatikana. Wavulana watapewa zamu yao, wasilie.

Ukubwa ndio unaonigombanisha na binamu. Uwanja kamili wa mpira wa kikapu ni mita 28 kwa 15, wa netiboli ni 30.5 kwa 15.25. Ukiuweka huo nyuma ya kwa bibi, mwembe unaondoka, kisima kinaondoka, na jiko la nje nalo pia. Mikarafuu miwili ya mpakani sithubutu hata kuitaja, maana mkarafuu haukatwi bila ya kibali. Mchezo wa kikapu wa watatu kwa watatu, ulioingia Olimpiki ya Tokyo, unatumia pete moja na eneo la mita 15 kwa 11. Kwa familia hata 10 kwa 8 panatosha. Tufanye hesabu: zege la unene wa sentimita 10 kwenye 10 kwa 8 ni mita 8 za ujazo. Kwa mchanganyo wa saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, hiyo ni mifuko hamsini na kitu ya saruji ya kilo 50. Uwanja kamili wa kikapu unakula zaidi ya mifuko 260. Na vile vigae vya plastiki havilazwi juu ya udongo. Vinataka zege lilelile chini yake. Unalipa mara mbili ili upate rangi.

Halafu kuna ardhi yenyewe. Pemba ni vilima na mabonde, uani kwa bibi kunashuka. Fundi atachimba upande wa juu na kujaza upande wa chini, na upande uliojazwa ndio utakaopasuka. Kifusi kishindiliwe kwa tabaka, kila tabaka sentimita 15 au 20, na kama subira ipo, kiachwe kinyeshewe masika nzima ndipo zege limwagwe. Mchanga wa pwani usitumike, wala maji ya kisima cha chumvi, kwani chumvi hula nondo ndani kwa ndani. Zege likishamwagwa limwagiliwe maji wiki nzima, na likatwe mikato kila mita tatu hivi ili likitaka kupasuka lipasuke palipopangwa. Na fundi akiulizia niru, ile saruji ya juu inayosuguliwa mpaka ikateleza, akataliwe. Niru ni ya sebuleni. Uwanjani ikilowa mtu anavunjika nyonga. Apitishe fagio la chelewa juu ya zege likiwa bado bichi, basi.

Maji ya mvua ndiyo ugomvi wa majirani unaokuja, bora tuyafikirie mapema. Mvua ya milimita 50 juu ya kiwanja hicho kidogo ni lita 4,000. Mteremko uwe sentimita moja kwa kila mita, na uelekee migombani kwetu, si ukutani kwa watu.

Shangazi yangu aliuliza swali ambalo wanaume wote kikundini hawakuliwaza: msimu wa karafuu itakuwaje? Jibu langu ni kwamba msimu ukifika mpira unasimama, majamvi yanatandikwa juu ya zege na karafuu zinaanikwa hapo siku nne tano mpaka zikauke. Mvua ikitisha, majamvi yanakunjwa, na chini hakuna tope. Arusi na hitima vilevile. Ua wa ukoo haujawahi kuwa na kazi moja, na kwa vigae vya binamu nina hakika tungeambiwa tuvue viatu.

Kiwanja kilazwe kaskazini na kusini. Watu wanacheza kati ya alasiri na magharibi, na jua la saa kumi na moja likiwa usoni hakuna anayeona pete. Nguzo ziwe za bomba lililopakwa zinki, kwani hewa yetu ya chumvi haina huruma na chuma kitupu.

Taa sizitaki. Magharibi ikiadhiniwa mpira umekwisha, na jirani mwenye mtoto mchanga naye alale. Binamu akisisitiza kutuma pesa za taa, namuomba anunue mipira mitatu, miwili iwe ya netiboli, na nyavu za akiba za pete.