Inchi 36 au Black Mamba: pesa ya gurudumu moja iende wapi?

Anayetaka baiskeli ya gurudumu moja ya kusafiria barabarani, si ya sarakasi, hukutana mapema na ushauri wa aina mbili. Wapo wanaosema bila gurudumu la inchi 36 usijisumbue: agiza ng'ambo, lipa, ngoja. Na wapo wanaosema rimu ya inchi 28 ya Black Mamba, ile baiskeli nzito ya chuma ya kubebea mizigo, inayopatikana kwa wauza spea kuanzia Busia hadi Nakuru, yatosha, na kilichobaki ni kazi ya fundi wa jua kali. Wa kwanza wamepima mwendo wakasahau matengenezo. Wa pili wamepima bei ya rimu wakasahau habu, kile kitovu cha gurudumu, na habu ndiyo baiskeli yenyewe.

Kwa mwendo, inchi 36 inashinda bila ubishi. Baiskeli hii haina cheni wala gia. Pedali zikizunguka mara moja, gurudumu nalo limezunguka mara moja. La inchi 36 husonga karibu mita 2.87 kwa mzunguko, la Black Mamba mita 2.23. Kwa mizunguko 80 kwa dakika, la kwanza linakupa karibu kilomita 14 kwa saa, la pili halifiki 11. Kutoka Kisumu hadi Ahero, kilomita kama 25 za tambarare ya Kano, tofauti hiyo ni nusu saa nzima. Tena gurudumu zito likishashika kasi halikubali kupunguza ovyo, na kishimo cha kumyumbisha mwenye inchi 28 hupitwa bila kuhisiwa. Sam Wakeling wa Uingereza alipomaliza zaidi ya kilomita 450 ndani ya saa 24 mwaka 2007, na Ed Pratt alipozunguka dunia kati ya 2015 na 2018, wote walikuwa juu ya inchi 36.

Lakini uzito huo unalipiwa. Panda Riat kutoka Kisumu kwenda Kakamega, au toka Nakuru, ambayo tayari iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, uelekee Njoro: kila mkanyago unainua gurudumu lote bila gia ya kukusaidia. Mtelemko ni mbaya zaidi, kwa sababu miguu ndiyo breki, na gurudumu kubwa linaisukuma miguu kwa nguvu. Kuna pia suala la kuanguka, ambalo wauzaji hawalitaji. Ukiponyokwa kwa kilomita 11 kwa saa, unatua kwa miguu na kukimbia hatua mbili tatu. Kwa 18, ukiwa umekaa zaidi ya mita moja juu ya lami, watu wengi hawaiwahi hatua ya kwanza. Wanatua kwa viganja. Na urefu wa mwili unachuja watu: ukijumlisha gurudumu, kichwa cha fremu na kiti, inchi 36 yenye kranki (mikono ya pedali) za milimita 150 inadai mguu mrefu. Ya inchi 28 yenye kranki fupi inamtosha hata mwenye mguu mfupi.

Sasa turudi kwa fundi. Rimu ya nyuma ya Black Mamba ina matundu 40, ya mbele 32. Hao wa jua kali wako sahihi kuchagua ya nyuma. Spoki, tairi na tyubu vipo mpaka vijijini. Zaidi ya hapo, gurudumu lisilo na friwili huwa na flanji, zile sahani za habu zinazoshika spoki, zilizo umbali sawa kutoka katikati, kwa hiyo spoki za pande zote mbili zinakazwa sawa na rimu haikunjiki upesi kama ile ya nyuma ya baiskeli ya mizigo.

Kazi huharibikia kwenye habu. Ekseli, habu na kranki lazima zizunguke kama kitu kimoja, na njia ya mkato ni kuchukua ekseli ya pedali ya Black Mamba, kuichomelea bomba na flanji mbili, kisha kufunga kranki zake kwa pini za kota. Kasoro ni mbili. Ekseli ile ilitiwa ugumu kiwandani, na joto la kuchomelea huacha ukanda mkavu, unaovunjika kirahisi, pembeni mwa weldi. Hapo ndipo hukatikia, kwa kawaida umesimama juu ya pedali unapanda mlima. Kasoro ya pili ni kota yenyewe. Kwenye baiskeli ya kawaida nguvu inaenda upande mmoja tu. Kwenye gurudumu moja, kila unapopunguza mwendo unasukuma pedali kinyume, na pini inasukwasukwa mbele na nyuma safari nzima. Utaanza kusikia mlio mdogo, tak, mguu unapovuka juu. Kuigonga kwa nyundo kunanyamazisha mlio kwa muda tu, huku pini ikizidi kula ekseli.

Habu ya kuaminika inawezekana hapa hapa, ila haitoki kwa mwenye mashine ya kuchomelea peke yake. Inahitaji shafti mpya ya chuma cha EN8, ikerezwe milimita 20 ili iingie beringi ya 6004, ambayo ni 20 ndani, 42 nje na upana 12. Flanji zishindiliwe juu ya shafti na kuzuiwa kwa kipande cha chuma kwenye mfereji, zisichomelewe. Ncha zichongwe mraba unaopungua kwa digrii 2 kila upande, ili zishike kranki za aluminiamu za baiskeli za mtumba. Mraba huo ni kazi ya mashine ya milingi. Ukichongwa kwa tupa, kranki inashika pembe mbili tu, tundu lake linapanuka, na kranki hiyo haitengenezeki tena.

Ndiyo maana naona pande zote mbili zinapeleka pesa mahali pasipofaa. Kitu cha kuagiza ni habu peke yake. Ni ndogo, inaingia kwenye kifurushi, ilhali rimu ya inchi 36 haikunjiki na usafirishaji wake unatozwa kwa ukubwa wa boksi. Tahadhari ni moja: habu za kiwandani kwa kawaida zina matundu 36, hivyo haziendani na rimu ya Black Mamba. Tafuta kwenye mtumba rimu ya aluminiamu yenye matundu 36 na namba 622 kwenye tairi lake, ile inayoitwa 700C au inchi 29. Ukiivisha tairi nene inasonga mita 2.27 kwa mzunguko, ikiizidi Black Mamba kidogo, na pande zake bapa zinapokea breki ya kubana. Rimu ya chuma ya Black Mamba imetengenezwa kwa breki ya fimbo, na mvua ya alasiri ya Kisumu ikiilowesha, breki hiyo inateleza tu.

Anza na kranki za milimita 150, uhamie 127 ukishazoea. Vishikizo vya beringi vikazwe kiasi; ukivibana hadi mwisho gurudumu linakuwa zito, na wengi hudhani beringi imekufa. Pedali ya kushoto ina nyuzi za kinyume, kwa hiyo ukikaa baiskeli ikiwa imegeuka nyuma mbele, zote mbili zitajifungua zenyewe.

Aliyekwisha kuimudu 29, anayeishi upande wa Ahero au Kisian ambako barabara ni tambarare, huyo inchi 36 ni yake. Aagize tairi mbili kwa mpigo, kwa sababu tairi ndilo halipatikani. Tyubu nene ya inchi 29 huvutika ikaingia, ingawa mpira hukonda na pancha huja upesi. Achukue habu yenye breki ya diski. Na baada ya kilomita za mwanzo akaze spoki upya: zina urefu wa karibu sentimita 37, hujinyoosha na kujipanga zikishabeba mtu, na zikilegea upande mmoja rimu husugua fremu kila anapokanyaga kwa nguvu.